Malalamiko Juu ya Kope Zangu na Uhuru wa Kuzichagulia

Kirumba, Mwanza
20 Machi, 1962

Kwa Bwana Daktari Kahigwa,
Chumba cha Macho

Mheshimiwa Bwana Daktari,

Shikamoo. Shangazi yangu, Bi Sihaba, anasema wewe bado kijana na shikamoo yangu ni kubwa kwako. Lakini mimi niliona vifaa vyako kwenye ile sinia, vimepangwa kwa urefu, na nimeamua kuviamkia hivyo.

Mimi ni Mwaija binti Msafiri, yule msichana wa kope zilizolegea uliyempima Jumatatu ya wiki iliyopita, baada ya Idi. Ulidhani ninatazama dari. Nilikuwa nakutazama wewe, ila ili nimwone mtu mrefu lazima niinue kidevu. Naandika kwa sababu kusema siwezi. Nilimaliza darasa la nane mwaka jana, na kwa miaka yote niliyokaa shuleni neno nililolisema kwa sauti bila kulazimishwa ni "Nipo", wakati wa kuitwa majina.

Madhumuni ya barua hii ni kulalamika. Sijawahi kulalamika, kwa hiyo kama nitakosea utaratibu, unisamehe na uendelee kusoma.

1. Nalalamika kwamba uliniuliza mimi.

Baba yangu alikuwa amekaa pale pale, na futi kamba yake shingoni, mtu mzima mwenye ndevu. Ukamruka. Ulinieleza kwamba kope zangu zimelegea tangu kuzaliwa kwa sababu msuli wa kuzinyanyua ni dhaifu, na kwamba hakuna dawa ya kupaka wala ya kunywa itakayoupa nguvu. Ukasema njia ni mbili. Ya kwanza ni kupasuliwa: utakata, utaufupisha ule msuli, utashona, nitalala hospitali siku chache, na kwa muda macho yangu hayatafumba sawasawa nikilala. Ya pili ni kutopasuliwa: nivae miwani yenye vijiti vya waya vya kuegemeza kope, au nibandike plasta nyembamba kila asubuhi, maisha yangu yote. Kisha ukafuta mikono, ukasema, "Sasa tumepata Uhuru, binti. Chagua mwenyewe."

Nilijibu, "Ndiyo."

Ukauliza, "Ndiyo ipi?"

Nikasema, "Ndiyo, Bwana Daktari."

Ukacheka, ukanipa plasta nijaribu huku nikifikiri. Bwana Daktari, mimi sijawahi kuchagua hata kipande cha samaki. Nyumbani hupewa mkia, na mkia nimeuzoea. Siku ya Uhuru nilisimama uwanjani na wenzangu, nikapiga vigelegele kwa moyo wote, lakini hakuna kiongozi aliyetuambia kwamba jambo lile litafika hadi kwenye kope.

2. Nalalamika kwamba hukuuliza kope zangu zina kazi gani.

Labda ulidhani zimekaa tu. Hapana. Nikitembea, kwa kuwa nainua kidevu nione njia, watu wa Kirumba husema, "Yule binti wa fundi anaringa." Nikikaa kitako na kushusha kichwa, watu wale wale husema, "Binti wa fundi ana adabu, hanyanyui macho." Kwa hiyo nina sifa mbaya nikisimama na sifa njema nikikaa, na zote mbili si zangu, ni za kope.

Mwaka jana tulikwenda harusini Magu. Nilikaa mkekani na wasichana wengine. Katikati ya shughuli sufuria ya pilau ilipinduka, wapishi wakapiga kelele, mbuzi akaingia kati ya wageni, na wasichana wote wakageuka kutazama. Mimi sikugeuka. Nilisikia yote, na nilitamani sana kumwona yule mbuzi, lakini kumwona kulihitaji kidevu, na niliona aibu kuinua kidevu mbele ya wazee. Mama mmoja aitwaye Mama Ally alikuwa ameketi mbele yangu. Alimwambia Shangazi, "Dunia inapinduka na huyu macho yako chini! Huyu ndiye mke wa mwanangu."

Basi ikaja posa. Ally ana duka la vipuri vya baiskeli huko Magu. Wanasema ni mpole. Sina neno baya juu yake, wala neno lolote, kwa maana hatujawahi kusemezana.

Mwezi wa pili ikaja barua ya chuo cha ualimu kwamba nimekubaliwa, mimi na rafiki yangu Bernadetta, tuanze baada ya Pasaka. Bibi Mkuu wa chuo ameongeza chini kwamba macho yangu yatibiwe kwanza, kwa sababu mwalimu anayeonekana amelala atalaza darasa zima. Tena ubao siuoni bila kuinua kidevu, na mwalimu hawezi kufundisha siku nzima kama kuku anayekunywa maji.

Shangazi aliposikia, alisema, "Kwa Ally hakuna ubao. Kope hizo zinatosha kabisa kwa jikoni."

Sasa unaona ulichoniuliza. Ulidhani umeniuliza habari za ngozi. Kope zikipanda, ni chuo. Kope zikibaki, ni Magu. Na ukafuta mikono.

3. Nalalamika juu ya Baba, ambaye umemharibu.

Baba yangu ni fundi cherehani, na tangu tutoke kwako anazungumzia uso wangu kama suruali. Anasema plasta ni bandi, ule mshono wa muda, na kila fundi anajua bandi ni ya kupimia tu. Hakuna mtu anayekwenda harusini na nguo ya bandi. Miwani ya waya anasema ni kuibana nguo kwa pini kubwa kwa sababu fundi ni mvivu. Kupasuliwa, kwake, ni kupunguza pindo. Alinipima kope kwa futi kamba, akazikunja kwa kidole, akasema, "Hii kazi ndogo. Ila namwomba asitumie uzi mweupe."

Ungefikiri basi atasema tu, "Mpasueni," na mambo yaishe. Hasemi. Baba ana sharti lake la dukani, nalo hajalivunja tangu nimjue: mkasi hauingii kwenye kitambaa mpaka mwenye kuvaa aseme mwenyewe. Bwana harusi akija na mjomba wake, na mjomba ndiye anayeongea, Baba anaushika mkasi anamsubiri bwana harusi. Hata kama mjomba ndiye aliyeleta kitambaa. Hata kama mjomba amekasirika. "Nguo ikishakatwa hairudi," anasema. "Mwenye nguo aseme."

Kwa hiyo kila jioni nikipeleka chai dukani, Baba ananitazama juu ya cherehani, mguu uko kwenye pedeli lakini haukanyagi. Ananisubiri. Nami naweka chai, naondoka. Chai inapoa na nguo za watu zinachelewa. Hayo yote yametoka kwako, kwa sababu kabla ya Jumatatu ile mimi nilikuwa mtoto tu, sikuwa mwenye nguo.

4. Nalalamika juu ya uchaguzi uliofanyika nyumbani kwetu siku ya Jumamosi.

Tuna mpangaji, Bwana Ishengoma, mtu wa Bukoba, karani. Ni mtu mwema, anapenda utaratibu hata kwenye foleni ya watu wawili. Aliposikia Baba na Shangazi wakibishana karibu na ukuta wa chumba chake, alitoka akasema, "Jamani, nchi huru haigombani. Nchi huru inapiga kura."

Shangazi akaleta chungu. Mahindi yakawa kura ya kupasuliwa, maharage yakawa kura ya kutopasuliwa. Bwana Ishengoma akageuza uso ukutani ili kura ziwe za siri, akamtaka kila mtu afanye hivyo. Nilinyoosha mkono nipewe punje yangu. Bwana Ishengoma akasikitika kweli, akasema, "Bado hujafika miaka ishirini na moja, Mwaija. Sheria ni sheria."

Baba akasema yeye hapigi, kwa sababu kura si mwenye nguo. Shangazi akapiga. Bwana Ishengoma akapiga. Mama Mayala, anayetuuzia furu, alikuja kuuliza kama tunataka samaki, akapewa punje, akapiga, akaenda zake bila kuuliza ni kura ya nini. Baadaye nilimsikia akimwambia jirani kwamba nyumba ya fundi wanamchagua diwani.

Chungu kilipomwagwa, maharage yalijaa sinia. Yalikuwa mengi kuliko watu wote wa mtaa wetu. Shangazi akapiga kigelegele. Ndipo Bwana Ishengoma alipoonja moja, akagundua limechemshwa. Chungu kilikuwa kimepikiwa futari ya maharage mwezi mzima wa Ramadhani na hakikuoshwa vizuri. Alitaka uchaguzi urudiwe. Shangazi alisema maharage ni maharage, yaliyochemshwa yana haki kama mabichi.

Mimi niliosha chungu. Hiyo ndiyo ilikuwa nafasi yangu katika uchaguzi.

5. Nalalamika juu ya plasta yenyewe, na vitu nilivyoviona.

Nimeibandika kila asubuhi kama ulivyoagiza. Kwanza inabanduka. Inabanduka nikicheka, nikilia, na nikisonga ugali, kwa ajili ya mvuke. Siku ya tatu plasta ya jicho la kulia ilibanduka jikoni bila mimi kujua, nikatumwa dukani, na njia nzima nikawa nimemfumbia jicho moja kila mtu niliyekutana naye, pamoja na mzee anayeadhini. Alinijibu salamu lakini alivuka barabara.

Pili, naona. Hilo hukunionya. Nimezaliwa Kirumba, na siku zote nilijua kwamba mawe ya ziwani kule mbele ya mwalo, wavuvi wanaposhusha samaki, yamepakwa chokaa, yanapendeza, nami nilimshukuru kimoyomoyo aliyeyapaka. Kumbe ni mavi ya ndege. Nimewaona wenyewe, weusi, wamejipanga juu ya jiwe wametanua mabawa wakauke. Nilisimama nikawatazama mpaka wachuuzi wakaniuliza kama nimepotelewa na mtu.

Nimeona kwamba Shangazi ana vishimo mashavuni akicheka. Nimeona kwamba Baba ameanza kuwa na mvi, na hakuna aliyeniambia. Nimesoma ubao wa matangazo nje ya soko nikiwa ng'ambo ya barabara, kidevu chini, kama mtu mwingine yeyote. Nikausoma wote. Ulikuwa unatangaza mnada wa ng'ombe, lakini niliusoma mara mbili.

Tatu, na hili ndilo kubwa, nimeona kwamba watu wananitazama. Nilikuwa sijui. Nilidhani kwa kuwa mimi siwaoni, basi na wao hawanioni sana. Mtu aliyekaa nyuma ya pazia miaka kumi na saba, ukimfungulia ghafla, lazima atafute pa kujificha.

Kwa sababu zote hizo, naomba kwa heshima mambo yafuatayo.

Ombi la kwanza: unichagulie. Niandikie amri, yenye muhuri wa serikali, isemayo, "Mwaija binti Msafiri afanyiwe hivi," na hapo uweke utakachopenda. Nitatii. Kutii ndiko ninakokuweza kuliko vitu vyote, hata taarifa yangu ya shule inasema hivyo. Shangazi anaogopa muhuri, Bwana Ishengoma anaupenda, na Baba hatakuwa na la kusema kwa kuwa hata fundi hushonea serikali kwa vipimo vya serikali.

Ombi la pili, kama la kwanza haliwezekani kwa sababu ya Uhuru: naomba uache kope zangu jinsi zilivyo, na badala yake uteremshe za watu wengine. Nimelifikiria jambo hili kwa makini. Tatizo si kwamba kope zangu ziko chini. Tatizo ni kwamba za wengine ziko juu kunizidi. Anza na Shangazi, umpunguzie kiasi cha upana wa kidole, asione uani kwa jirani. Mama Ally uzishushe kabisa, kwa kuwa yeye ndiye anayependa sana kope za chini, na si vizuri mtu apende kitu asichokuwa nacho. Wachuuzi wa mwaloni nusu tu, wasije wakashindwa kupima samaki. Bwana Ishengoma mwachie jicho moja la kusomea gazeti.

Baada ya hapo si haki kuwaacha jirani zetu wa Kiseke, kwa maana watakuja kutucheka. Na ukiziteremsha za Kiseke, Magu watalalamika. Naona ni bora iwe kazi moja ya mkoa mzima, na ikifaulu, ya Tanganyika yote. Viongozi wanasema sasa sisi sote ni sawa. Basi hapa pana pa kuanzia, tena hapahitaji shamba wala trekta. Sote tutatembea tumeinua videvu na kukaa tumeinamisha vichwa. Hakuna atakayeitwa mwenye kuringa, hakuna atakayeposwa kwa sababu ya mbuzi, na mimi nitakuwa mtu wa kawaida bila kuguswa na kisu.

Nimeandika haya kwa nia njema na bila hasira. Naomba jibu lije kwa barua, si kwa mdomo, kwa sababu ukiniuliza tena nitasema ndiyo.

Msalimie yule bibi muuguzi aliyenishika mkono. Wasalimie wagonjwa wote, waliopasuliwa na wasiopasuliwa. Baba anakusalimu na anauliza sindano yako ni ya namba gani. Shangazi hakusalimu, lakini hajui kwamba naandika. Angejua, naamini angekusalimu kwa ukali. Bwana Ishengoma anakutakia kazi njema katika kujenga taifa.

Wako mtiifu, mwenye kope zilezile,
Mwaija binti Msafiri

Nyongeza. Bwana Daktari, nilikuwa natafuta gundi ya bahasha Mama Ally alipoingia, kwa basi la kutoka Magu, bila taarifa. Amekuja kuchukua jibu la posa. Shangazi aliniita nilete maji. Nilikuwa nimebandika plasta ili niandike vizuri, nikasahau. Nikapiga magoti, nikasema shikamoo, na nikamtazama.

Alishtuka akashika kifua. "Sihaba! Macho haya yametoka wapi?"

Shangazi akasema, "Hiyo karatasi tu, dada yangu, ya hospitali, inabanduka. Mwaija, hebu bandua, mama akuone ulivyo."

Nikabandua ya kulia. Ilitoka na nywele za kope, machozi yakanilenga. Mama Ally akapumua, akasema, "Ee, hivyo hivyo. Nimezipenda zikiwa chini, na zibaki chini. Akifika kwangu asije mtu akazigusa."

Hakusema kwa ubaya. Alikuwa amechoka na safari, vumbi jingi, na hata macho yake yalikuwa yanatiririka. Lakini nilikuwa na jicho moja juu na jingine chini, na kwa lile la juu nilimwona Baba kule dukani, chumba cha mbele, mkasi mkononi, ameacha kushona. Nikasikia mtu anasema, "Sitaki zibaki chini. Nataka kupasuliwa. Nataka kusoma ubao." Nikatafuta ni nani. Kumbe ni mimi, Bwana Daktari. Na ilikuwa kwa sauti, kwa sababu Bwana Ishengoma alitoka chumbani kwake na kiatu kimoja.

Shangazi akafungua mdomo. Baba akawahi. "Basi," akasema. "Mwenye nguo amesema." Kisha mguu wake ukakanyaga pedeli, na cherehani ikaanza.

Mama Ally alikunywa maji yote. Nilidhani atanilaani. Akauliza kama huyo daktari anatibu na macho ya watu wazima yanayotoa machozi hovyo. Nikasema anatibu. Kwa hiyo Jumatatu tutakuja mimi, Baba na Mama Ally, na Shangazi naye anakuja, kwa kuwa anasema hawezi kumwachia Mama Ally njia nzima azungumze na Baba peke yake.

Tafadhali usiyafuate yote niliyoandika hapo juu, isipokuwa shikamoo. Kope za mkoa uziache. Usiandike amri. Baba anakuletea kibunda cha uzi mweusi, nami nimemwambia kwamba unao wako. Amesema upokee tu, usimvunje moyo.

Ila nina ombi moja dogo. Nikishakaa kwenye kile kiti, kabla hujashika kifaa chochote, niulize tena, "Ndiyo ipi?" Nimeanza kujizoeza jibu.